Ukingo wa Kushoto wa Barabara

Magari ya siku hizi yana taa nyeupe zinazochoma macho, na wenye nayo wanaona fahari. Jioni nikitembea kando ya lami pale Mikumi hunibidi nigeuze uso kila linapokuja gari, na huwa nanong'ona maneno ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuyanong'ona. Si kwamba nachukia mwanga. Nimekula na kuvaa kwa taa za magari tangu ujana wangu, na kama kuna jambo ninalolijua hapa duniani ni kwa nini taa ya gari imegoma. Lakini taa niliyoipenda ni ile ya zamani, ya duara, yenye mwanga wa rangi ya samli, iliyokuonyesha njia bila kukutukana.

Gereji yangu ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, upande waliposimama watu wa Ruaha na Kidodi kungoja usafiri wa kwao. Nilishughulika na umeme wa magari tu. Injini sikuigusa, na aliyeniletea gia boksi nilimfukuza kwa ukali ambao sasa naucheka. Umeme huo nilijifunza Kilosa mjini, kwa fundi mmoja aliyekuwa akisema gari lina magonjwa mengi lakini taa zake zina magonjwa matatu: njaa, kutu na upofu. Njaa ni betri iliyochoka au waya usiofikisha moto. Kutu ni pale waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, unapoliwa na vumbi na unyevu. Upofu ni kile kikombe cha ndani kinachorudisha mwanga kikishapoteza mng'ao wake, na ugonjwa huo, alisema, hauna dawa ila kubadilisha taa nzima.

Kubadilisha! Miaka ile ya mwanzo neno hilo lilikuwa kama dhihaka. Ubadilishe kwa taa ipi? Gari likiharibika taa moja lilitembea chongo mwaka mzima, na mwenye globu nzima ya akiba aliibeba mfukoni mwa shati ikiwa imeviringishwa kwenye leso, hata kanisani. Tulisugua, tukaunga, tukaazimana. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka ya spea yakafunguliwa Morogoro, bidhaa za Dubai zikaanza kushuka mpaka kwetu: redio, vitenge, betri, na taa zilizolala ndani ya maboksi yenye picha. Tulizishika kwa vidole viwili tukiogopa kuzichafua. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wamesema wahenga, na sisi tulikuwa na njaa ya vipya.

Mimi ni Msukuma. Wazazi wangu walishuka na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa nikiwa bado nabebwa mgongoni, wakahama huku na huku hadi wakatulia upande wa Chanzuru. Baba hakunisamehe upesi kwa kuacha fimbo na kushika bisibisi. Alisema ng'ombe huzaa, waya hauzai. Nilimjibu kwamba waya nao hauingii shamba la mtu, na kwa jibu hilo tulikaa muda mrefu bila kusemezana.

Kilosa ndiko nilikomwona binti mmoja wa watu wa milimani, fundi cherehani, aliyekuwa na kibaraza chake karibu na stesheni ya reli. Nilimpelekea ovaroli iliyochanika mfuko. Aliishona, akanigombeza kwa kuweka bisibisi mfukoni kama mtu asiye na akili. Wiki iliyofuata nikarudi na ovaroli ileile, ila safari hii nilikuwa nimeichana mwenyewe. Aliutazama ule mchano, akanitazama mimi, akaanza kucheka, na toka siku hiyo sikutaka mwingine.

Kwao milimani mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho juu ya ndoa ni mjomba. Baba anasikilizwa, mjomba anatiiwa. Mjomba wa binti huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya misheni aliyejenga nyumba yake Mikumi, mtu mrefu, msafi, mwenye pikapu kuukuu aliyoipenda kuliko nyumba yake. Wote tulimwita mwalimu. Usipomwamkia shikamoo ukiwa umesimama wima, alikupita kama hakukuona.

Nilimtuma baba yangu mdogo awe mshenga. Mwalimu alimkaribisha, akamlisha wali kwa kuku, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hana ubaya na kijana mwenyewe, ila watu wa ng'ombe wanafuata majani, leo wapo kesho wamehama, na wakipita hawaangalii shamba ni la nani. Akasema atatazama. Hakusema atatazama nini wala mpaka lini. Baba mdogo aliponiletea jibu hilo nilihisi moto kifuani, kwa sababu sikuwahi kuhama popote kwa hiari yangu. Nilichokitaka maishani ni kibanda kile cha mabati na yule fundi cherehani, basi, na vyote viwili nilitaka nizeeke navyo.

Ndipo mwalimu akaileta pikapu yake gerejini kwangu. Mafundi wengine walikuwepo, kwa hiyo sidhani kama alinijia kwa bahati. Alikuwa akichukua maharage ya dada zake kutoka Kilosa, anayapeleka soko la Morogoro kupitia hifadhini, na wakati wa kurudi giza linamkuta njiani. Taa zake, alisema, zilikuwa zinamulika boneti tu.

Nilianza na njaa. Betri ilikuwa nzima, lakini vichwa vyake vilikuwa vimeota ukungu mweupe, nikavisafisha kwa maji ya moto na magadi. Nikaenda kwenye kutu. Nilifungua ethi, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaibana upya. Mwanga ukaongezeka, ila si wa kuridhisha. Nilipozichomoa taa zenyewe nikaona kikombe kimekuwa cheusi kama sufuria ya kuni, na kwa adabu zangu zote nikamwambia mwalimu kwamba taa zimepofuka. Hakubisha. Alikwenda Morogoro mwenyewe, akarudi na taa mbili za Dubai alizozichagua kwa mikono yake. Alizitoa kwenye boksi, akazifuta kwa leso, akazinyanyua juani, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

Ziliingia mahali pake bila ugomvi. Jua lilipozama nikaliegesha gari mbele ya ukuta wa duka la jirani, nikachora mstari wa chaki, nikawasha fulu, yaani ule mwanga mrefu, nikazinyoosha taa mpaka zikakaa sawa. Nikabonyeza dimu, mwanga mfupi wa kupishana na wenzako, nikaona umeshuka. Nikaridhika. Kwetu kazi iliishia hapo siku zote: fulu inyooke, dimu ishuke. Taa zote tulizozijua zilikuwa za nchi za kushika kushoto kama yetu, na hakuna aliyewahi kuuliza dimu inaelemea upande gani.

Mwalimu akaniambia nimsindikize safari yake ya Morogoro, nikaione kazi yangu ikitembea. Nilielewa kwamba hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kutazamwa. Nikavaa shati alilonishonea mpwa wake, nikakaa kiti cha abiria mgongo wima, na kwenda kote tulizungumza habari za maharage.

Tuliporudi tuliingia hifadhini giza likianza kushika. Asiyepita njia ile hajui sheria yake. Lami inakata katikati ya mbuga, na wanyama hawana habari na lami, kwa hiyo madereva walipeana taarifa kwa taa. Anayekuja akikupigia fulu mara mbili, ujue mbele kuna mnyama, punguza mwendo. Wewe unamwinulia mkono, unashukuru. Mwalimu aliishika desturi hiyo kama anavyoshika Jumapili.

Gari la kwanza likatupigia fulu. Mwalimu akapunguza mwendo. Akasema ni tembo, kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa. Tukaangaza kushoto, tukaangaza kulia, tukaona nyasi. Gari lililofuata nalo likatupigia, kwa ukali kidogo nilivyoona mimi. Akapunguza zaidi, akanieleza kwamba huenda ni kundi zima lenye watoto, na tembo mwenye mtoto hana mzaha. Tukaenda mwendo wa mkokoteni. Likaja basi, likaja lori, likaja gari la wazungu wa utalii, yote yanatupigia fulu, na mwalimu anayashukuru yote kwa mkono. Hatukuona hata swala. Mwalimu akasema tangu azaliwe hajaona mbuga iliyojaa wanyama kiasi hicho na isiyo na mnyama. Nami, nisijifanye mjanja, niliamini tembo wapo. Nilikuwa nimetoa shingo dirishani nawatafuta.

Mwishowe lori moja likasimama ubavuni mwetu. Dereva wake, kijana mwenye kofia, akachungulia.

"Shikamoo, mzee. Weka dimu, umetumaliza macho."

"Nimeweka," mwalimu akasema.

Kijana akazitazama taa, akamtazama mwalimu, akasema haya mzee, kama mtu anavyomwambia mkubwa asiyefaa kubishana naye, akaondoa lori lake. Tulibaki tumekaa. Nikamwona mwalimu akiutazama mkono wake wa kulia, ule uliokuwa unashukuru njia nzima. Watu wote wale walikuwa wanamlaani, naye alikuwa anawapungia. Mtu aliyefundisha adabu maisha yake yote. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilijua kwamba huruma yangu haitanisaidia kitu, kwa sababu aliyezifunga taa zile ni mimi.

Kuanzia hapo mpaka Mikumi hakuinua mkono tena. Tulipofika nikamwomba, tafadhali, aelekeze gari kwenye ukuta uleule wa duka. Nikawasha dimu, na safari hii sikutazama imeshukaje, nilitazama imekaaje. Upande wa kushoto mwanga ulikuwa umelala chini kabisa. Upande wa kulia ulipanda juu ya mstari wangu wa chaki, ukakwea mpaka usawa wa macho ya mtu. Nikaenda kusimama kushoto, pale ambapo ukingo wa barabara ungekuwa. Magoti yangu yalikuwa gizani. Mwalimu akavaa miwani, akainama mbele ya taa, akakuta mistari iliyochongwa kwenye kioo inaelemea upande wa kulia wa barabara. Tukatazamana. Taa zile zilitengenezwa kwa nchi za watu wanaoshika kulia. Kwao zinamulika ukingo wao. Kwetu zinamulika macho ya anayekuja, na aliye kando ya barabara zinamwacha gizani.

Nikaanza kuzifungua. Mwalimu akanizuia. Alikuwa amechoka, ameaibika, na zile taa alikuwa amezichagua mwenyewe mbele ya watu.

"Ziache," akasema. "Watazoea."

Jibu lilikuwa moja tu. Kwetu Usukumani na kwao milimani desturi ni ileile: mjomba wa binti unayemposa humbishii, unainamisha macho, unasema ndiyo mwalimu. Neno moja hilo, na pengine jibu la posa lingekuja wiki ileile. Mdomo nilikwisha kuufungua. Lakini nikawaona kichwani mwangu wanawake wanaotoka sokoni jioni na mizigo yao, wakitembea ukingoni, wameyapa magari mgongo. Nikamwona na yeye, fundi cherehani, anayefunga kibaraza giza likiingia na kurudi kwao kwa miguu. Na hasira zangu, ambazo mama alisema zitanikosesha mke, zikapanda.

"Mwalimu, naomba radhi," nikasema. "Gari hili halitoki hapa na taa hizi."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana sauti inatetemeka."

Alikunja mikono kifuani, akasimama. Nikazitoa taa za Dubai, nikazirudisha zile zake za zamani zilizopofuka, bisibisi ikiniteleza kwa jasho. Hakunisaidia, hakunikataza. Nilipomaliza alichukua boksi lake, akaingia garini, akaondoka bila kuniaga.

Habari zilifika Kilosa kabla yangu. Baba mdogo aliniambia maji yakimwagika hayazoleki, akajivua ushenga. Yule binti alisimamisha cherehani yake, akaniuliza jambo moja tu, kama niliinamisha macho. Nikamwambia sikuinamisha. Akarudi kwenye kushona, na kwa mlio wa cherehani peke yake sikuweza kujua kama yuko upande wangu au analia. Nilijiona mpumbavu.

Kwa kuwa sikuweza kurudisha maneno, nilitafuta taa. Kulikuwa na shamba la mkonge lililokufa upande wa Kimamba, na katika uwanja wake malori mabovu yaliyoota majani hadi ndani ya injini. Nilizunguka pale kutwa, mlinzi akinifuata na kunisimulia enzi za ving'ora vya asubuhi na malundo ya singa za mkonge. Mwishowe chini ya turubai moja bovu nikakuta lori ambalo jua wala mvua haikuwa imezifikia taa zake. Nilizifungua, nikaona uso wangu ndani ya kikombe cheupe, kizima. Nikakitazama kioo chake kwa makini, jambo ambalo hapo awali sikulijua, nikaona mistari yake inaelemea kushoto. Mlinzi alinipa baada ya mimi kumtengenezea redio yake. Nilizipakata njia nzima kurudi Mikumi.

Nilizipeleka nyumbani kwa mwalimu. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Kisha akanirushia funguo za gari. Nilizifunga taa uani kwake, jioni ilipoingia nikachora mistari ya chaki kwenye ukuta wake mwenyewe, mmoja wa kimo na mmoja wa upande, nikazinyoosha fulu na dimu. Mkewe alinung'unika kuhusu ukuta. Mwalimu alitazama mistari ile muda mrefu, akaingia ndani. Nikaacha funguo kwenye kiti cha baraza, nikaenda zangu.

Masika yakaingia, na neno halikuja. Niliacha kwenda Kilosa, maana sikujua ningekwenda kusema nini. Baba alinitumia ujumbe kwamba ng'ombe wangu wawili wananisubiri, kama nimechoka na waya. Nilikaribia kumjibu kwamba nimechoka. Hilo lilinitisha kuliko yote, kwa sababu kama ningeondoka Mikumi, mwalimu angekuwa amesema kweli juu yangu.

Jioni moja nilifunga gereji baada ya mvua, nikashika ukingo wa kushoto kuelekea nilikopanga chumba. Nikasikia gari nyuma yangu. Nikasogea majanini lipite. Halikupita. Lilipunguza mwendo, na mwanga wake ukaja ukalala mbele yangu, upande wangu, chini kwa chini, ukaonyesha dimbwi, ukaonyesha jiwe, ukaonyesha na kivuli changu kirefu kinachotangulia. Malori yalikuwa yanakuja kutoka Iringa, na hakuna hata moja lililopiga fulu. Nilitembea. Gari likanifuata polepole, hatua kwa hatua, likinimulikia. Mlio wa injini ile niliujua, lakini sikuthubutu kugeuka.

Nilipofika kwenye kona yangu likasimama. Nikaenda dirishani, matope yamenifika ndani ya viatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akasema. "Ukingo unaonekana wote." Akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Mwambie baba yako aje. Aje mwenyewe, asitume mshenga."

Akaondoka. Nilibaki pale kwenye kona nikilia kama mtoto, na wapita njia wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Mwalimu ametutoka. Nyumba yake ilipakwa rangi mara kadhaa akiwa hai, na kila mara aliwaamuru mafundi waruke mistari ya chaki, wasiiguse, na ipo mpaka sasa ingawa imefifia. Gereji nimewaachia wengine. Jioni nikitoka kuzungumza na wenzangu bado nashika ukingo wa kushoto, mgongo nimeyapa magari, na nyumbani naambiwa huo ni ukaidi na kwamba siku moja nitagongwa. Gari likipunguza mwendo nyuma yangu huwa sigeuki upesi. Naungoja kwanza mwanga wake ulale mbele yangu. Halafu linanipita, nami naendelea polepole mpaka mlangoni, ambako mlio wa cherehani unasikika tangu nje.